Kikoi, Konde na Mwembe wa Mama Mkwe

Nianze na kidole gumba, maana balaa lote lilianzia hapo.

Ilikuwa jioni ya Oktoba, niko ndani ya matatu natoka mjini narudi Kisauni. Tumekwama Kongowea, pale sokoni, ambapo magari, mikokoteni ya vitunguu, tuktuk na wauza mitumba hugombania barabara moja kama ndugu wanaogombania shamba la urithi. Nimeketi dirishani, simu mkononi, namwandikia mke wangu kwamba nimekaribia. Sikuwa nimekaribia, lakini ndivyo tunavyoandika. Mara mkono ukaingia dirishani. Mkono tu, mwenyewe sikumwona. Ukaichukua simu kwa adabu, kama mtu anayepokea chenji yake, ukatoka.

Nikakunja ngumi, nikalitupa konde nje ya dirisha kwa nguvu zangu zote.

Mwizi alishafika kwenye viazi. Konde likaipata fremu ya dirisha. Na kwa kuwa ngumi yenyewe niliikunja nikakificha kidole gumba ndani, nikakifunika na vile vinne kama kifaranga chini ya mamake, gumba ndilo lililolipa. Likalia ko! Makanga akaniangalia, akaliangalia dirisha, akaniuliza, "Mzee, gari limekukosea nini?"

Abiria walicheka mpaka niliposhuka. Mmoja alishuka nami, akaendelea.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kitu pekee nilichowahi kukipiga maishani ni muhuri. Sasa hata muhuri ukanishinda. Kwa wiki mbili gumba lilivimba likawa kama ndizi kisukari, hati za watu zinatoka na mihuri imelala upande. Mwenzangu mmoja wa ofisini, baada ya kuchoka kunipigia mihuri yangu, akaniambia kuna mzee fulani Majengo anafundisha watu ndondi jioni. Nenda, akasema, angalau ujue kidole kinawekwa wapi.

Yule mzee alikuwa kuli bandarini Kilindini enzi zake, na ujanani alipigana ulingoni. Mabega yake bado yanaingia mlangoni kabla yake. Hakuniuliza jina. Alisema, "Kunja ngumi nione."

Nikakunja. Akaitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama ukuta uliojengwa na fundi mwengine.

"Hiyo si ngumi," akasema. "Hiyo ni sambusa. Umetia nyama ndani ukafunika."

Basi tukaanza kwa kukunja vidole, mimi na miaka yangu 38, nimesimama foleni na watoto wa darasa la sita. Vidole vinne unavikunja kuanzia nchani, viingie kiganjani kabisa, pasibaki nafasi ya kupita upepo. Gumba libaki nje, lilale juu ya kidole cha shahada na cha kati, lifunge mlango. Lisisimame pembeni kama makanga mlangoni, na lisiingie ndani. Kifundo cha mkono kinyooke, kisipinde juu wala chini. Na kupiga, unapiga kwa vifundo viwili vya mwanzo, cha kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu mifupa iliyo nyuma yake ni imara na imenyookana na mkono. Ukipiga kwa upande wa kidole cha mwisho, ule mfupa wa kiganja unaokishikilia ni mwembamba, huvunjika. Madaktari wameupa mvunjiko huo jina la mabondia, jambo ambalo kocha alilichukulia kama tusi kwa ukoo wake.

"Bondia aliyefunzwa havunjiki hapo," alisema. "Anayevunjika hapo ni mlevi aliyepiga ukuta, na mume aliyepiga kabati." Kisha akalitazama gumba langu. "Na karani aliyepiga matatu, huyo bado hawajamtafutia jina."

Kwa wiki tatu nzima sikuruhusiwa kupiga kitu chochote. Tulipiga hewa. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kidevu chini, mikono miwili kidevuni. Kocha alitufundisha kama watoto wa chuoni wanavyosomeshwa alifu na be, yeye anatamka, sisi tunaitikia: kisigino, kiuno, bega, mkono, kidevuni! Kisigino cha mguu wa nyuma kinageuka kwanza, kiuno kinafuata, bega linafuata, mkono ndio wa mwisho, na ukishafika unarudi mbio kidevuni.

"Mkono ni tarishi tu," alinieleza, akijua mimi ni mtu wa ofisi. "Barua inaandikwa kisiginoni."

Hilo la kidevuni ndilo alilolishikilia kuliko yote. Alikuwa na ndara moja ya mpira, ya kushoto, na kazi yake ilikuwa kuangalia nani kausahau mkono chini. Ukipiga, mkono ukachelewa kurudi, ndara inakufika sikioni. Haiumi sana, lakini ile pwaa yake mbele ya watoto wa darasa la sita huingia mtu ndani zaidi kuliko maumivu. Kufikia Disemba mikono yangu ilikuwa inarudi kidevuni yenyewe, bila kuniomba ruhusa. Nikishtuka, kidevuni. Nikipigiwa honi, kidevuni. Siku moja bosi aliita jina langu kwa sauti, nikajikuta nimesimama nyuma ya meza nimeinua mikono, mguu wa kushoto mbele. Kumbuka hili, litarudi.

Ukutani pale palikuwa na picha moja iliyofifia, ya Robert Wangila, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, uzani wa kilo 67. Fainali alimwangusha Mfaransa katika raundi ya pili, na hadi leo hakuna Mkenya mwengine aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi. Kocha aliitumia picha ile kama bibi wa jirani anavyomtumia mtoto wake aliyefaulu mtihani. Ukipumzika kidogo: "Wangila angekaa saa hii?" Ukinywa maji: "Wangila aliomba maji?" Nina hakika aliomba, lakini sikubisha. Ndara ilikuwa karibu.

Siku moja nikapata ujasiri wa kuuliza lini nitaweza kumpiga mwizi.

"Mwizi wa simu hapigwi," akasema. "Wewe ukiwa bado wauliza mguu gani utangulie, yeye yuko Mwembe Tayari, simu ishavikwa kava jipya. Ukivamiwa, toa simu, kimbia. Konde ni la pale mlango ushafungwa na huna pa kutokea."

"Sasa mbona nalipa?"

Akanishika tumbo kwa vidole viwili, kama anayechagua papai. "Kwa sababu na hili, hata hiyo mbio huiwezi."

Mwezi wa Januari akaniambia nikatundike gunia nyumbani, kwa kuwa jioni mbili kwa wiki hazitoshi. Na hapa ndipo anapoingia mama mkwe.

Sisi tunaishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Najua mnavyosema, kwamba mimi ndiye niliyeolewa. Semeni. Kodi ya nyumba Mombasa hamnilipii. Lakini kuishi uwanja mmoja na mkwe kuna kanuni zake. Kwa miaka tisa sijawahi kula mbele yake nikatafuna kwa sauti. Nikimwamkia naangalia ndara zake. Akiwa barazani na mimi nataka kutoka, nakohoa kwanza ili ajitande vizuri. Tukiwa na neno la kuambiana halipiti moja kwa moja, linapitia kwa mke wangu, au kwa binti yetu wa miaka saba, ambaye hulifikisha likiwa na nyongeza.

Na katikati ya uwanja ule kuna mwembe, dodo, mkubwa. Ombi langu la kutundika gunia likapita njia yake ya kawaida, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mwembe ule aliupanda marehemu mume wangu kwa mkono wake. Gunia atundike. Mti asiuguse."

Nikachukua gunia la mchele la kilo 50. Kwanza nilitia mchanga wa pwani. Kocha aliposikia akashika kichwa. Mchanga hushuka, akasema, baada ya siku mbili chini ni jiwe na juu ni mfuko mtupu, na wewe na gumba lako tushawajua. Kwa hivyo nikamwaga, nikaenda kwa mafundi cherehani kukusanya vipande vya vitambaa, nikashindilia mpaka gunia likawa na kitambi kama changu. Nikalifunga kwa kamba ya makumbi kwenye tawi la chini, lile nene.

Bandeji za mkono ni mita 4.5 kila moja. Mara ya kwanza kujifunga peke yangu nilitumia nusu saa, na mwisho nilikuwa nimejifunga pamoja na kiti.

Kisha nikaanza kupiga, na gunia halikujali. Nilipiga wiki ya kwanza, wiki ya pili, jasho linanitoka, kaskazi lavuma lakini chini ya mwembe haliingii, na gunia limetulia kama abiria wa feri. Jioni moja nikamsikia mama mkwe barazani, tasbihi mkononi, akimwuliza mjukuu wake kwa sauti ambayo haikuwa ya siri hata kidogo: "Hebu nambia. Babako yuwapiga, au yuwabisha hodi?"

Niliingia ndani nikalala bila kula.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi, baada ya alasiri. Jirani yetu alikuwa na harusi, na mchele wa pilau ulikuwa unachaguliwa uwanjani kwetu. Mama mkwe na akina mama watano wameketi mkekani na sinia zao, wanachagua mchele na kuchagua watu pia, maana mdomo haukai bure. Mimi bukta zangu zote mbili ziko kambani zimelowa. Nikaamua nitafanya mazoezi na kikoi.

Mke wangu akaniona natoka. "Funga mkanda," akasema.

"Mwanamume wa Mombasa hafungiwi kikoi na mkanda," nikamjibu. "Nafunga kikoi tangu nina miaka saba."

Hakusema kitu. Ningekuwa na akili, kimya kile kingenitosha.

Nikapita upande wa pili wa mwembe, gunia liwe kati yangu na wale mama, heshima ibakie. Nikajifunga bandeji. Nikapiga makonde kumi ya kawaida, ya kubisha hodi. Nikamsikia mmoja mkekani akicheka, labda hata si mimi niliyechekwa, lakini nikalichukua. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikajisemea polepole, kama chuoni: kisigino.

Kisigino kikageuka. Na wallahi nikahisi kitu ambacho miezi mitatu sikuwahi kukihisi. Kile kigeuko hakikuishia mguuni. Kikapanda. Kikafika kiunoni, kiuno kikazunguka chote kama mlango unaofunguliwa na upepo, bega likafuata bila kuitwa, mkono ukaenda umelegea mpaka mwisho kabisa, ngumi ikakaza palepale ilipogusa, pumzi ikanitoka sss! Vifundo viwili, kifundo cha mkono kimenyooka, gumba liko nje, mlango umefungwa. Gunia halikulia pwa kama siku zote. Lililia DU! Likaruka.

Lilikuwa konde zuri. Nataka hili lieleweke kabla hatujaendelea. Nimekaa nalo usiku mwingi nikilikagua, na sioni kosa.

Gunia lilipofika mwisho wa kamba liliivuta, kamba ikalivuta tawi, tawi likainama, likaachiwa. Maembe matatu yakaanguka. Na pamoja nayo likaanguka furushi la majani nililokuwa nikiliona pale juu kila siku, nikidhani ni majani yaliyokauka tu yakashikana.

Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua majani hayashikani hivihivi. Hushonwa. Hushonwa na maji moto, wale chungu wekundu, ambao huvuta jani kwa jani kisha wakayashona kwa uzi unaotoka kwa watoto wao wenyewe, wanawashika mdomoni kama fundi na sindano. Wenye mashamba ya minazi huwapenda, kwa sababu hufukuza wadudu wanaoharibu nazi. Mimi nilikulia pwani. Nilijua yote haya. Nilikuwa tu naangalia kisigino.

Furushi likapasukia begani kwangu.

Maji moto haumi akamaliza. Anauma, akishika ndipo anapinda tumbo lake akaimwagia asidi palepale alipouma. Jina hawakupewa bure. Wakashuka kifuani, wakashuka mgongoni, kila mmoja anatafuta kiwanja chake, na wote kwa namna fulani walikubaliana mwelekeo kuwa ni chini.

Na chini kulikuwa na habari nyengine. Kiuno kikizunguka sawasawa, fundo la kikoi nalo huzunguka. Nilihisi linaachia. Mtu wa kawaida, kikoi chake kikianza kuteleza, mikono yake huenda kwenye kikoi. Hata mtoto mchanga angekishika. Lakini mimi nilikuwa nimepigwa ndara miezi mitatu. Nilishtuka, na mikono yangu, yote miwili, ikaruka ikaenda kidevuni.

Kikoi kikaenda zake.

Chini ya kikoi nilikuwa na chupi, tushukuru, ingawa ni chupi ambayo mke wangu alishaihukumu mwaka uliopita kuwa kitambaa cha kupangusia vioo. Sikufikiria hilo wakati ule. Nilifikiria maji. Na maji yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye pipa la mama mkwe, lililojazwa asubuhi ile kwa mitungi 10 ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, kwa ajili ya kuoshea mchele wa harusi. Pipa lilikuwa nyuma ya mkeka.

Kwa hivyo nilitoka nyuma ya mwembe nikakimbia kuwaelekea wanawake sita, nimevaa chupi na bandeji za mikono, mikono imeinuliwa kidevuni, ninapiga mayowe.

"Ana sheitwani!" akapiga kelele mmoja, na sinia la mchele likaenda juu.

"Mshikeni!"

"Usimshike, muuaji huyo, si wamwona mikono!"

Mwengine, mama mtu mzima, hakukimbia. Alifumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti thabiti. Namshukuru. Nilikuwa naihitaji.

Nikaruka mkeka, nikaingia pipani mzima mzima. Maji yakafurika, mchele ulioanguka ukaanza kuelea uwanjani. Nikazama, nikaibuka, nikazama tena. Nilipoibuka mara ya tatu, kimya kimetanda. Wale maji moto walikuwa wanaelea kunizunguka. Mbele yangu, ameupa uso wake ukuta, amesimama mama mkwe wangu. Miaka tisa sijatafuna mbele yake.

Akajivua leso yake ya juu, akaitupa nyuma bila kugeuka. Ikanifika usoni.

"Jistiri, mwanangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami moja kwa moja tangu siku ya nikaha.

Nikajifunga ile leso, nikatoka pipani, nikapita kati ya wale mama nikiangalia chini, naosha mchele kwa nyayo zangu. Nilishangaa kwa nini nyuma yangu kicheko kilianza kimoja, kikawa viwili, kikawa vyote. Nilipofika mlangoni mke wangu alinigeuza, akasoma jina la leso lililokaa sawasawa matakoni. Nilidhani Dhahabu Kumbe Adhabu.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa natoka alfajiri na kurudi usiku, napitia upande wa choo. Mchele tulilipa. Maji tulilipa. Harusini sikwenda, lakini nilisikia kwamba nilikuwepo katika mazungumzo.

Majengo nilirudi baada ya vipele kupungua, nikamweleza kocha kisa chote. Hakucheka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama daktari.

"Kisigino kiligeuka?"

"Kiligeuka."

"Kiuno?"

"Kocha, kiuno ndicho kilichoniua."

"Na baada ya kupiga, mikono ilirudi kidevuni?"

"Yote miwili."

"Na kikoi kikianguka?"

"Na kikoi kikianguka."

Akaitazama ile ndara yake ya kushoto, akaiweka chini ya benchi, na tangu siku ile hajawahi kuniinulia.

Juzi nimekaa chumbani, binti yangu akaja na bakuli amelishika kwa mikono miwili. Achari ya embe dodo, ya pilipili, mafuta yameelea juu, jinsi anavyoipika mama mkwe peke yake. Nikajua ni yale matatu.

"Nyanya asema ule," akasema.

"Mwambie ahsante sana."

Hakuondoka. Alikuwa na ujumbe mwengine na alikuwa anaukumbuka vizuri, usipotee njiani.

"Nyanya asema, maembe ya lile tawi la upande wa msikitini yashaiva, na kijana wa kupanda hajaja. Asema hata ukilipiga gunia mara moja tu yatosha."

"Haya."

"Lakini asema ufunge mkanda."